Shauri la Mama Surratt: Namna ya Kupima Mashahidi

Tarehe 7 Julai 1865, katika uwanja wa gereza la waaskari katika muji wa Washington, watu wane walinyongwa kwa sababu ya kuuawa kwa Abraham Lincoln, Rais wa Marekani. Mumoja wao alikuwa mwanamuke mujane, Mukatoliki, jina lake Mary Surratt. Mapadri wawili, Padri Walter na Padri Wiget, walimusindikiza mpaka kwenye kamba. Ndiye mwanamuke wa kwanza aliyeuawa kwa hukumu ya Serikali kuu ya Marekani. Tangu siku ile mpaka leo watu hawakuacha kuulizana: je, mama yule alikuwa na kosa?

Sisi watu wa seminari tunayo sababu ya pekee ya kulitazama shauri hili. Mutoto wake John, aliyetafutwa na polisi kama mwenzake muuaji, alikuwa zamani mwanafunzi wa seminari katika Maryland. Louis Weichmann, ambaye ushuhuda wake ulisaidia sana kumupeleka mama kwenye kamba, alisoma katika seminari ile ile. Walijuana pale, wakapendana, na kisha Weichmann akakaa katika nyumba ya mama wa rafiki yake kama mupangaji. Basi katika jambo hili twaona watu waliolelewa kama sisi: mumoja akakimbia, mwingine akashuhudia.

Juu ya shauri hili vimeandikwa vitabu vingi. Tutachukua viwili. Cha kwanza ni cha David Miller DeWitt, avoka wa Marekani, kilichotoka mwaka 1895. Kwa jina lake tu kinaita hukumu ile uuaji uliofanywa na waamuzi. Cha pili ni cha Kate Clifford Larson, kilichotoka mwaka 2008. Yeye anamwita Mama Surratt musaidizi wa muuaji, aliyejua alilolifanya. Tena kuna filamu ya Robert Redford ya mwaka 2010, inayoonyesha hasa taabu ya avoka wake. Mwenye kusoma kitabu cha kwanza peke yake atalia; mwenye kusoma cha pili peke yake atakasirika. Inafaa tusome vyote viwili, kisha tuwaite mashahidi wenyewe.

1. Mambo yasiyo na mabishano

Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, karibu saa ine na robo ya usiku, John Wilkes Booth, mucheza wa michezo ya kuigiza, alimupiga Lincoln risasi katika Ford's Theatre. Rais alikufa kesho yake asubuhi. Usiku ule ule Lewis Powell aliingia katika nyumba ya Waziri Seward, akamuchoma kisu, lakini Waziri akapona. George Atzerodt alipewa kazi ya kumuua Makamu wa Rais, Andrew Johnson; akaogopa, hakuifanya. David Herold alikimbia pamoja na Booth. Karibu na usiku wa manane wawili hao walipita Surrattsville, katika nyumba ya pombe na wageni iliyokuwa mali ya Mama Surratt, naye aliikodisha kwa John Lloyd, aliyekuwa zamani polisi. Walichukua pale bunduki fupi moja, darubini, na wiski. Tarehe 26 Aprili Booth akapigwa risasi, akafa.

Tena ni hakika kwamba mbele ya kufikiri kuua, Booth alikusudia kumuteka Lincoln akiwa muzima na kumupeleka kwa watu wa Kusini waliokuwa katika vita na Serikali. John Surratt alikubali jambo hilo mbele ya watu wengi mwaka 1870. Bunduki mbili fupi zilifichwa Surrattsville majuma kadhaa mbele ya Ijumaa Kuu. Walizipeleka John Surratt, Herold na Atzerodt, naye Lloyd alikubali kuzificha. Na watu hawa walikuwa wakiingia na kutoka katika nyumba ya Mama Surratt pale Washington.

Wengi husimama hapa na kusema: imetosha. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini si kila wingu hunyesha, na mwamuzi hawezi kumunyonga mutu kwa sababu ya wingu. Kupokea watu wabaya nyumbani si sawa na kujua shauri lao lote.

2. Lloyd na Weichmann

Wasomaji wanajua habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili walisema neno moja juu yake, na watu wakawasadiki kwa sababu walikuwa wawili. Danieli aliwatenga, akauliza kila mumoja peke yake, na uwongo ukaonekana. Tufanye vivyo hivyo na mashahidi wakubwa wawili wa shauri letu.

Lloyd alisema nini? Alisema kwamba alikutana na Mama Surratt njiani, tarehe 11 Aprili, naye akamwambia aweke tayari zile silaha, kwani zitatakiwa upesi. Kwamba tarehe 14 yule mama alifika Surrattsville, akamupa kifurushi, na akamwambia aweke tayari bunduki na chupa mbili za wiski kwa watu watakaopita usiku. Ikiwa maneno haya ni ya kweli, muzigo wake ni muzito.

Lakini Lloyd ni nani? Ndiye aliyezificha bunduki. Waaskari walipofika mara ya kwanza kumuuliza, alikana kila kitu. Alifungua kinywa kisha kukamatwa, na kamba ilikuwa ikimungoja yeye pia. Siku ile ya tarehe 14 alikuwa amelewa. Alikubali mwenyewe, na shemeji yake alisema vilevile. Juu ya maneno ya tarehe 11, maavoka walipomubana, alisema kwanza kwamba ana hakika, kisha kwamba hana hakika yote. Mushahidi wa namna hiyo hatupwi, maana hata mulevi na mwoga aweza kusema kweli. Lakini hatuwezi kumutegemea akiwa peke yake.

Weichmann alisema nini? Ndiye aliyeendesha kigari cha farasi katika safari zote mbili. Alisema kwamba tarehe 11 Booth alitoa dola 10 za kukodi kigari. Alisema kwamba tarehe 14, mama alipomutuma kutafuta kigari, alikutana na Booth mulangoni. Na kwamba aliporudi alimuona Booth akizungumuza na mama. Alikiona kile kifurushi. Aliona Mama Surratt akisema na Lloyd. Lakini maneno yao hakuyasikia.

Hapa ndipo pa kusimama. Watu husema: mashahidi wawili walipatana. Walipatana juu ya nini? Juu ya safari, na juu ya kifurushi. Juu ya neno lenyewe, yaani agizo la bunduki, yuko mushahidi mumoja tu, naye ni Lloyd. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1573, yafundisha kwamba ushuhuda wa mutu mumoja hauwezi kuleta hakika kamili, isipokuwa akiwa ni mutu wa kazi anayeshuhudia mambo ya kazi yake, ao hali ya vitu na ya watu ikituvuta kusadiki. Basi tuulize: hali ya vitu inatuvuta?

Kwa upande mumoja, ndiyo. Bunduki zilikuwako. Booth alipita usiku ule ule. Kifurushi kilikuwa na darubini ya Booth, na Booth akaichukua. Kwa upande mwingine, Booth na Herold walijua tangu zamani mahali pa bunduki, na kuzipata hakukuhitaji mama wa kupeleka habari. Tena safari ilikuwa na sababu yake: mutu mumoja wa kule alikuwa na deni lake, na Mama Surratt mwenyewe alikuwa akidaiwa, akapokea barua ya kudaiwa siku zile zile. Ushuhuda wa Weichmann pia waonyesha kwamba alitumwa kutafuta kigari mbele ya Booth kuingia. Safari haikuzaliwa na Booth. Lakini Booth aliitumia, na mama alikubali kubeba muzigo wake.

Wengine wanamutukana Weichmann kama Yuda. Hatuoni sababu. Alikuwa karani katika ofisi ya Serikali, naye pia alikamatwa na kutishwa. Woga wake unafahamika. Mpaka kufa kwake, mwaka 1902, alisema kwamba hakudanganya. Mambo aliyoyaona yanasimama. Kosa si lake yeye aliyeyaona, bali la wale waliojaza kwa mawazo yao maneno ambayo hakuyasikia.

3. Usiku wa tarehe 17

Siku tatu nyuma ya mauaji, waaskari waliingia usiku katika nyumba ya Mama Surratt ili kumukamata. Wakiwa bado pale, mutu alibisha hodi: mwenye matope, sururu mukononi, kichwani amejifunga kipande cha shati. Ndiye Powell. Alisema alikodiwa na mama kuchimba mufereji. Mama Surratt aliinua mukono, akaapa mbele ya Mungu kwamba hamujui. Lakini Powell alikwisha kulala katika nyumba ile, akijiita muhubiri.

Washitaki walisema: huo ni uwongo, na uwongo waonyesha kosa. Maavoka walijibu: macho yake ni mabovu, taa ilikuwa hafifu, na nguo zilikuwa nyingine, mashahidi kadhaa walithibitisha ubovu wa macho. Sisi twaona kwamba yawezekana alidanganya. Lakini kama alidanganya, tumejua nini? Tumejua kwamba aliogopa. Mutoto wake alikuwa akitafutwa nchi nzima. Mama mwenye woga kama huo aweza kumukana mutu yeyote. Woga haujasema bado alijua nini, na tangu lini.

4. Karatasi iliyopatikana mwaka 1977

Lazima sasa tuseme jambo ambalo DeWitt hakulijua. Tarehe 1 Mei 1865, mbele ya baraza kuanza, Atzerodt alitoa maneno yake gerezani, yakaandikwa. Karatasi ile haikusomwa mbele ya waamuzi. Ilibaki katika vitu vya avoka wake, na ilionekana tena mwaka 1977 kwa wazao wake. Ndani yake Atzerodt anasema kwamba Booth alimwambia kuwa Mama Surratt alikwenda Surrattsville siku ya Ijumaa ili zile bunduki zitolewe.

Mutetezi wa Mama Surratt asiipite karatasi hii haraka. Maneno yake yanafanana na ya Lloyd, na yalitolewa mbele ya Lloyd kusema wazi mbele ya baraza. Lakini na mushitaki asikimbie. Atzerodt hakusikia neno kwa mama; alisikia kwa Booth, na Booth alikuwa amekufa. Tena Lloyd alikwisha kusema yake mbele ya wakubwa katika mwezi wa Aprili, na mutu anayeuliza aweza, hata bila kutaka, kuweka jibu katika kinywa cha mufungwa. Hata hivyo, tukipima yote, twaona kwamba agizo la bunduki limeelekea sana kuwa kweli. Tunasema hivyo ingawa tungependa kusema lingine.

5. Kujua nini?

Je, kwa hiyo alijua kwamba Lincoln atauawa? Hapa waandishi wengi wanaruka shimo bila kulitazama. Bunduki zile ziliwekwa kwa ajili ya mupango wa kuteka. Booth alipata habari kwamba Rais atakwenda kwenye mchezo siku ile ile ya tarehe 14, saa za muchana. Atzerodt alisema kwamba yeye, aliyepewa mutu wa kuua, alisikia neno la kuua jioni ile tu. Katika daftari yake Booth aliandika kwamba walifanya kazi miezi sita ili kuteka, mpaka akaona yafaa tendo kubwa zaidi. Daftari ile ilikuwa mukononi mwa Serikali wakati wa baraza, lakini haikuonyeshwa. Watu waliijua mwaka 1867. Ikiwa wanaume wa chama wenyewe waliambiwa usiku, nani ameshuhudia kwamba mujane yule aliambiwa muchana? Hakuna hata mumoja.

Tuwe wa haki: sheria ya nchi ile yaweza kumuhesabia mutu aliyeingia katika shauri baya matendo ya wenzake pia. Na kusaidia watu wanaotaka kumuteka Rais si jambo dogo, wala dhamiri haiwezi kulisafisha. Lakini kosa moja si lingine, na adhabu ya kamba hairudishwi.

6. Hoja ya Padri Walter na hoja ya Chiniquy

Padri Walter alisadiki mpaka mwisho kwamba Mama Surratt hakuwa na kosa. Hoja yake ilikuwa hii: mwanamuke Mukatoliki hawezi kupokea Komunyo Alhamisi Kuu na kuwa mushiriki wa uuaji Ijumaa Kuu. Tunaheshimu moyo wa padri yule, aliyesimama na kondoo wake saa ya kifo. Lakini hoja yake haisimami. Tungependa iwe hivyo. Walakini kila padri anajua kwamba mutu aweza kutoka mezani pa Bwana na kwenda kutenda dhambi. Wengine huongeza: yeye alikuwa muungamishi wake, kwa hiyo alijua. Wanafunzi wa seminari waangalie hapa. Padri hawezi kutumia lolote alilolisikia katika maungamo, wala kwa kushitaki wala kwa kutetea. Basi neno lake tulipime kama neno la nje, la mutu mwema aliyemujua Mukristu wake, na si zaidi.

Kosa hili lina ndugu yake. Charles Chiniquy, aliyekuwa padri katika Kanada na kuacha Kanisa, na ambaye Lincoln alikuwa avoka wake mwaka 1856, aliandika mwaka 1885 kwamba Wayezuiti ndio waliomuua Rais. Hata Thomas Harris, mumoja wa waamuzi tisa wa baraza lile, mwaka 1897 alitoa kitabu cha kuishitaki Roma. Ushahidi wao ni nini? Kwamba Mama Surratt, mutoto wake, na Muganga Mudd aliyemufunga Booth muguu uliovunjika, walikuwa Wakatoliki. Lakini Powell alikuwa mutoto wa muhubiri Mubatisti, na Atzerodt Muluteri.

Tusifiche lililo letu. John Surratt alifichwa miezi kadhaa na mapadri wawili katika Kanada. Kisha akafika Roma, akaingia kwa jina lingine katika Wazuavu, waaskari wa Papa, kundi lile ambamo alitumika pia Kapiteni Joubert, aliyelinda misioni ya Mpala kando ya ziwa Tanganyika na kufa mwaka 1927. Lakini John alipotambuliwa mwaka 1866, Kardinali Antonelli aliamuru akamatwe, ingawa hapakuwa mapatano ya kurudishana wafungwa kati ya Roma na Marekani. Akaruka, akawatoroka walinzi wake, akakamatwa katika Misri. Walter alisema: ni wetu, kwa hiyo hana kosa. Chiniquy alisema: ni wao, kwa hiyo wana kosa. Wote wawili walihukumu mbele ya kusikiliza mashahidi.

7. Vitabu vyetu na baraza lile

DeWitt ana haki juu ya baraza. Vita ilikuwa inakwisha, waamuzi wa kiraia walikuwako Washington, lakini washitakiwa wanane walipelekwa mbele ya waaskari tisa. Washitakiwa hawakuruhusiwa kushuhudia wenyewe, kama ilivyokuwa sheria ya siku zile. Waamuzi watano kati ya tisa waliandika kuomba Mama Surratt asiuawe. Rais Johnson alisema hakuiona barua ile. Holt, mushitaki mukubwa, alisema alimuonyesha. Asubuhi ya siku ya kunyongwa mwamuzi mumoja wa kiraia aliamuru mama aletwe mbele yake. Rais akaizuia amri. Mwaka 1867 mutoto wake alipohukumiwa na watu kumi na wawili wa baraza la kiraia, hawakupatana, na kisha akaachiliwa. Sisi Wakongomani tunafahamu uzito wa jambo hili: Rais wa nchi yetu aliuawa mwaka 2001, na wengi walihukumiwa na baraza la waaskari.

Lakini kosa la baraza halimufanyi mushitakiwa kuwa safi. DeWitt anapoonyesha kwamba hukumu ilikuwa mbaya, anadhani amekwisha kuonyesha kwamba mama hakutenda neno. Larson naye ana haki kukataa ile picha ya mama asiyejua lolote chini ya dari lake. Lakini kutoka kujua jambo fulani mpaka kujua uuaji, daraja lake halikutuvusha. Filamu ya mwaka 2010 inaliweka vizuri swali la haki ya kuhukumiwa, na inaliacha lile lingine.

Sisi twasema hivi. Kwamba alipeleka kifurushi cha Booth, ni hakika. Kwamba alipeleka agizo la bunduki, yaelekea sana. Kwamba alifahamu mupango wa kuteka, yaelekea. Kwamba alijua Lincoln atauawa usiku ule, haikuthibitishwa siku ile, na haijathibitishwa mpaka leo. Na kwa mambo waliyokuwa nayo mbele yao, waamuzi wale hawakuwa na haki ya kumuua.

Ndugu zetu wa seminari, na ninyi wakatekista, siku moja mutaketi katika barza ya kijiji, ao mbele ya shauri la ndoa, na mashahidi watakuja wawili wawili wakisema neno moja. Muulize kila mumoja peke yake: uliona nini kwa macho yako? Ulisikia nini, na kwa kinywa cha nani? Usiposema hivi, waogopa itakupata nini? Kisha mungoje jibu, hata kama muchana unakwisha na watu wamechoka kungoja.